Nyundo iliyokaa kabatini: muhula wa miaka mitano katika kijiji chenye msitu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Jina la kijiji, wilaya, taasisi iliyokisaidia na watu wote waliohusika vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wasitambulike. Sheria, tarehe za uchaguzi na taratibu za serikali za mitaa nimeziacha kama zilivyo.

Nimekiandika kwa ajili ya wenyeviti, wajumbe, watendaji na wawezeshaji wanaofundisha uongozi wa vijiji. Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi kwenye vikao: je, miaka mitano ni mingi mno au michache mno? Naamini swali hilo linaacha pembeni jambo zito zaidi. Muhula una urefu, lakini pia una namna unavyoisha. Kijiji hiki kiliumizwa na namna muhula ulivyoisha, kwa sababu watu wote waliojua kazi waliondoka ofisini siku moja.

Usuli

Kijiji kina vitongoji vitano. Watu wanalima ufuta, korosho, mtama na muhogo. Ufuta ndio unaoleta fedha: unapandwa mvua zikiwa zimekolea, unavunwa kuanzia Mei na Juni, unapelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia chama cha msingi. Bei ya ufuta ikipanda, pori linakatwa. Anayetaka kuuelewa mgogoro wa ardhi kusini aanze na bei ya mnada.

Upande wa magharibi kijiji kina msitu wenye mninga, mkongo na mpingo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mpingo ni mti wa subira. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na unatakiwa sana kwa vinyago na kwa ala za muziki kama klarineti. Mti unaovunwa leo ulichipua kabla mkutano mkuu wa kijiji haujawahi kuitishwa katika eneo hilo, na chipukizi la leo litapita mikononi mwa halmashauri za kijiji 14 au zaidi, kila moja ikiwa na miaka yake mitano.

Utawala wa kijiji unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji. Wote huchaguliwa kwa muhula wa miaka mitano, na chaguzi tatu za karibuni zilifanyika Desemba 2014, tarehe 24 Novemba 2019 na tarehe 27 Novemba 2024.

Pembeni ya halmashauri ya kijiji wapo watu wa aina tatu ambao kalenda yao ni nyingine, na msomaji awakumbuke kwa sababu kisa chote kinawategemea. Wa kwanza ni diwani. Yeye huchaguliwa katika uchaguzi mkuu, yaani Oktoba 2015, Oktoba 2020 na Oktoba 2025, kwa hiyo anabaki ofisini miezi kadhaa baada ya kijiji kubadilisha uongozi. Wa pili ni wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji, watu saba wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, ambao kazi yao ni usuluhishi na muda wao ni miaka mitatu. Wa tatu ni mtendaji wa kijiji, mwajiriwa ambaye hana muhula wowote, ila anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Muhula wa kwanza: 2014 hadi 2019

Halmashauri iliyoingia Desemba 2014 ilikuta ofisi yenye meza, benchi na daftari moja la mihtasari lililoishia katikati. Muhuri wa kijiji ulikuwa nyumbani kwa mwenyekiti aliyeshindwa, na ulirudi baada ya wiki kadhaa za kubembelezana kupitia wazee. Mwaka wote wa 2015 na sehemu ya 2016 vilikwenda kwenye mgogoro wa mpaka na kijiji jirani. Bila mpaka uliokubalika hakuna ramani, na bila ramani hakuna mpango wa matumizi ya ardhi.

Mpango wenyewe ulianza mwishoni mwa 2016, ukisimamiwa na wataalamu wa wilaya na kugharamiwa kwa sehemu kubwa na taasisi isiyo ya kiserikali. Una hatua sita, na kila hatua inadai vikao. Wananchi walitembea porini kuonyesha mipaka, wakabishana kuhusu eneo la malisho kwa ajili ya wafugaji walioanza kuingia kusini na ng'ombe wao, wakakubaliana mahali pa mashamba ya akiba kwa vijana. Zikafuata sheria ndogo: rasimu ya halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani la wilaya. Ziliidhinishwa katikati ya 2018.

Kiangazi hicho kijiji kilivuna miti kihalali kwa mara ya kwanza. Kamati ya maliasili ilipewa nyundo ya kugongea magogo alama ya kijiji, na gogo lisilo na alama hiyo halina uhalali barabarani. Mapato yalilipa posho za doria, yakatengeneza pampu ya kisima na kuezeka nyumba ya muuguzi. Kiangazi cha 2019 walivuna tena.

Katika miaka mitano, mitatu na nusu ilikwenda kwenye kuandaa na mmoja na nusu ukabaki wa kuvuna. Hata huo mmoja na nusu haukuwa mzima. Kuanzia katikati ya 2019 watu walikuwa kwenye maandalizi ya kura za maoni ndani ya vyama. Mwenyekiti alianza kusamehe faini za watu waliokamatwa na doria, kwa sababu kila aliyekamatwa alikuwa na ukoo na ukoo una kura. Mkutano mkuu ambao kwa sheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu haukuitishwa robo mbili mfululizo. Simlaumu kama mtu binafsi. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara, na wakati ule mamlaka yake yalikuwa yanahesabiwa kwa wiki.

Kura, halafu miezi saba

Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na sehemu nyingi nchini wagombea wa chama tawala walipita bila kupingwa. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mabadiliko ya uongozi yalikuwa yameshafanyika miezi kadhaa kabla, ndani ya kura za maoni, ambapo mwenyekiti na karibu wajumbe wake wote waliangushwa. Walirudi wachache, wasiofika watano.

Makabidhiano yalichukua nusu saa. Muhuri, funguo na stempu pedi vilibadilishana mikono, watu wakapigana pambaja. Nyundo haikukabidhiwa. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili aliyemaliza muda alikataa kuitoa bila hati ya maandishi, na alikuwa na haki, maana nyundo ikiingia mikono isiyojulikana gogo lolote linaweza kupita. Mwishowe ilifungiwa kwenye kabati la ofisi na funguo ikapewa mtendaji.

Kikwazo kikubwa kilikuwa benki. Akaunti ya msitu ilikuwa na watia saini watatu, wawili wakiwa wameondoka. Kuwabadilisha kulihitaji muhtasari wa kikao na barua kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Muhtasari wa kwanza ulirudishwa kwa kukosa mahudhurio yaliyosainiwa. Wa pili uliandikwa, mtendaji akahamishwa kabla hajaufuatilia. Mtendaji mpya alianza upya. Kuanzia Desemba 2019 hadi Julai 2020 hakuna shilingi iliyotoka, na kwa kuwa posho za doria zilitoka kwenye akaunti hiyo, doria ilisimama. Fedha zilikuwepo, msitu ulikuwepo, sheria ndogo zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliye ofisini ambaye saini yake benki inaitambua.

Mashamba ndani ya msitu

Februari 2020 halmashauri mpya iligawa ardhi kwa waombaji wa mashamba ya ufuta, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ndani ya msitu wa hifadhi.

Ni rahisi kumchora mwenyekiti wa pili kama mla rushwa, na wapo waliomwita hivyo. Nilichokikuta ni tofauti na hicho. Aliingia akiwa ameahidi ardhi kwa vijana, na ahadi ilikuwa ya kweli. Hakuwa ameshiriki kutembea mipaka. Nakala ya ofisi ya mpango wa matumizi ya ardhi ilikuwa imefungiwa pamoja na vitu vya mtendaji aliyehama. Alipouliza pori lile ni la nani, aliambiwa ni la kijiji, jibu ambalo lilikuwa sahihi na lisilotosha. Kosa lake la wazi kisheria lilikuwa jingine: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu haukuitishwa. Iwapo ungeitishwa, wapo watu wasiopungua mia katika kijiji kile ambao wangesimama na kusema hapo ni msituni.

Kufikia Aprili eneo lilikuwa limefyekwa na kuchomwa, mipingo michanga ikiwemo. Afisa misitu wa wilaya alisimamisha uvunaji wa msimu wa 2020 hadi mgogoro uishe, na kijiji kikapoteza mapato ya mwaka mzima.

Waliobaki na kumbukumbu

Aliyepiga kelele kwanza alikuwa diwani. Muhula wake ulikuwa haujaisha. Alikuwa na miezi kadhaa mbele. Yeye ndiye aliyeongoza kikao cha kata kilichopitisha sheria ndogo, na alikuwa na nakala ya ramani nyumbani kwake. Aliileta kijijini kwa pikipiki, ikatandikwa mezani mbele ya halmashauri mpya.

Wa pili walikuwa baraza la ardhi la kijiji. Lilikuwa limeundwa 2018, hivyo muda wake wa miaka mitatu uliendelea mpaka 2021 bila kuguswa na uchaguzi wa 2019. Wajumbe wake, hasa wanawake wawili ambao walitembea mpaka wote wakati wa kuandaa mpango, waliita waliogawiwa mashamba mmoja mmoja. Suluhu waliyoifikia ilikuwa ya busara: waliokwisha kupanda waruhusiwe kuvuna ufuta wao mara moja, kisha watoke, na vijana wa kijiji wapewe nafasi ya kwanza kwenye ardhi ya akiba ya kilimo iliyoonyeshwa kwenye mpango. Wengi walikubali. Wawili walikataa na kupeleka shauri baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Huu ndio moyo wa kisa. Kijiji hakikuokolewa na kanuni ya makabidhiano wala na semina. Kiliokolewa na watu ambao, kwa jinsi sheria zilivyotungwa vipande vipande kwa miaka tofauti, muda wao haukuisha siku moja na wa wenzao. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Oktoba 2020 diwani yule hakurudi. Mwaka uliofuata muda wa baraza la ardhi ukaisha. Watu wakaanza kuona kwamba 2024 ikifika, hadithi itaanza mwanzo.

Mkutano mkuu wa 2021: maamuzi na sababu zake

Mjadala ulianza na urefu wa muhula. Wazee kadhaa walitaka mwenyekiti akae miaka saba au kumi, wakisema kazi ya msitu haiwezi kukamilika kwa mitano. Vijana walitaka mitatu, wakitoa mfano wa mashamba ya Februari: mtu akiharibu mapema, kwa nini asubiriwe miaka minne? Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na zote hazikuwa ndani ya uwezo wa mkutano, kwa kuwa muhula wa halmashauri ya kijiji umewekwa na sheria ya nchi. Mtendaji mpya ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha mwelekeo: ni vipindi gani ambavyo kijiji chenyewe kinaruhusiwa kuvipanga?

Jibu lilikuwa kamati. Wajumbe wa kamati ya maliasili wanachaguliwa na mkutano mkuu, na taratibu zake zimo kwenye sheria ndogo za kijiji. Waliamua mambo manne.

La kwanza, kamati igawanywe nusu mbili. Nusu moja ibadilishwe katikati ya muhula wa halmashauri ya kijiji, nusu nyingine ibadilishwe baada ya uchaguzi, lakini isiwe kabla ya miezi sita kupita. Sababu waliyoitoa ni kwamba halmashauri mpya lazima ikute watu wanaojua nyundo ilipo na mpaka ulipo, na pia isifungwe na kamati ya wenzao milele.

La pili, angalau mtia saini mmoja wa akaunti ya msitu atoke katika nusu isiyobadilishwa na uchaguzi. Hili lilipingwa na mwenyekiti wa pili, aliyehofu kwamba fedha zitashikwa na watu wasiomheshimu. Walimkubalia kiasi: fedha hazitoki bila saini yake, ila kuondoka kwa mtu mmoja kusizifunge.

La tatu, makabidhiano yafanyike mbele ya mkutano mkuu kwa daftari maalumu: ramani, nyundo, vitabu vya stakabadhi, muhuri, orodha ya kesi, orodha ya ardhi iliyogawiwa.

La nne, katikati ya muhula uitishwe mkutano mkuu wa hesabu, ambapo mwenyekiti anasimama na kueleza alichoahidi na alichofanya.

Mabadiliko ya sheria ndogo yalipita njia ile ile ndefu ya kata na wilaya, zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa pili aliyafuatilia mwenyewe mpaka mwisho, jambo linalostahili kusemwa wazi, kwa sababu alijua yatamnufaisha atakayemrithi.

Novemba 2024

Wenyeviti hukoma madarakani kabla ya siku ya kura. Safari hii kukoma huko hakukuiangusha kazi. Mwenyekiti wa pili aliangushwa kwenye kura za maoni kama mwenzake wa kwanza, na wajumbe wengi wakabadilika. Nusu ya kamati iliyochaguliwa katikati ya muhula ilibaki. Doria iliendelea Desemba na Januari, miezi ambayo pori huliwa zaidi. Posho zilichelewa kidogo tu wakati saini ya mwenyekiti mpya ikishughulikiwa. Nyundo ilikabidhiwa hadharani, ikaandikwa daftarini, ikarudi kwa kamati siku hiyo hiyo. Msimu uliofuata wa uvunaji haukukosa.

Mwenyekiti wa tatu naye alikuwa ameahidi ardhi kwa vijana. Alipopeleka wazo lake kwenye kikao, wajumbe wa kamati waliobaki walimpeleka porini kumwonyesha vigingi kabla hajaandika barua yoyote. Ahadi yake ikahamia kwenye ardhi ya akiba.

Kilichoshindikana

Mkutano wa hesabu wa katikati ya muhula uliitishwa Juni 2022, wakati watu wako mashambani na wengine wako mnadani. Mahudhurio yalikuwa hafifu, mwenyekiti akasoma taarifa, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyehojiwa. Mwezi wowote kati ya Agosti na Oktoba ungefaa zaidi, na halmashauri ya kijiji ilikuwa na kalenda yote mbele yake.

Eneo la malisho liliumia. Halikuwa na kamati yenye nusu mbili, halikuwa na fedha zake, na waliokubaliana na wafugaji mwaka 2017 hawakuwa tena kwenye nafasi yoyote. Baada ya uchaguzi wa 2024 sehemu yake imelimwa ufuta, na wafugaji wamesogea kwenye bonde la mto. Huu ni ushahidi mkali kuliko mafanikio ya msitu: kijiji kilekile, viongozi walewale, mpango uleule, sehemu moja ikiwa na watu wanaovuka uchaguzi na nyingine ikiwa haina.

Daftari la makabidhiano nalo lina tundu. Linaandika vitu, haliandiki maneno. Mwenyekiti wa pili aliacha ahadi za mdomo kwa familia kadhaa kuhusu viwanja vya makazi, na zilimwangukia wa tatu kama mvua ya mawe wiki ya kwanza.

Uchambuzi: je, miaka mitano inatosha?

Tuanze na wanaotaka muhula mfupi. Kisa kinaonyesha kwamba kupata mpaka, mpango na sheria ndogo kulichukua miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ulikuwa wa kusubiri vikao vya ngazi za juu ambavyo kijiji hakina amri navyo. Halmashauri ya miaka mitatu ingeondoka kabla ya gogo la kwanza. Meksiko iliishi na hali hiyo kwa miongo mingi: viongozi wa manispaa walikaa miaka mitatu bila ruhusa ya kuchaguliwa tena mfululizo, mpaka mageuzi ya katiba ya 2014 yalipolegeza sharti hilo. Kiongozi wa aina hiyo ana kila sababu ya kujenga kinachoonekana haraka na kuacha kinachokomaa polepole, na msitu unakomaa polepole kuliko vyote.

Wanaotaka muhula mrefu waitazame Uganda. Viongozi wa ngazi ya kijiji, wale wa LC1, walichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uchaguzi uliofuata ulifanyika Julai 2018. Katikati hapo uhalali wao ulipingwa mahakamani, watu wakiendelea kuwafuata kwa barua na mihuri kwa kuwa hapakuwa na wengine. Kumbukumbu ilihifadhiwa, kweli, lakini ilihifadhiwa na watu ambao mwananchi hakuwa na namna ya kuwaondoa. Katika kijiji chetu, ugawaji wa Februari 2020 ulifanywa na uongozi uliokuwa na miezi mitatu tu. Fikiria uongozi huo ukiwa na miaka kumi mbele yake na diwani asiyekuwa na ramani.

Lipo pia suala la malipo, ambalo mijadala ya muhula huliruka. Mwenyekiti anafanya kazi bila mshahara. Mtu maskini anaweza kuitoa miaka mitano ya nguvu zake kwa heshima na posho ya hapa na pale. Akiongezewa miwili au mitano bila kulipwa, muhuri utaanza kuwa na bei, na ardhi pia. Anayependekeza muhula mrefu aseme kwanza mshahara utatoka wapi.

Kwa hiyo miaka mitano nailinda kwa upande wa mwenyekiti. Ninachokipinga ni kuisha kwa wajumbe wote 15 hadi 25 siku moja. Uingereza zipo halmashauri ambazo diwani anakaa miaka minne, na theluthi moja ya viti huchaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, mwaka wa nne ukipumzika. Zina kasoro zake, kwani kampeni hazikatiki na gharama hupanda. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Katika halmashauri zetu wenyewe za wilaya na miji, makamu mwenyekiti na naibu meya huchaguliwa kila mwaka huku mwenyekiti na meya wakikaa miaka mitano. Baraza la ardhi la kijiji lina miaka yake mitatu. Vipindi vinavyopishana tunavyo tayari. Havijawahi kupangwa kwa makusudi ili kimoja kikishike mkono kingine.

Sheria ya nchi ikirekebishwa, halmashauri ya kijiji inaweza kuwa na nusu ya wajumbe wa kawaida wanaochaguliwa pamoja na mwenyekiti na nusu wanaochaguliwa na mkutano mkuu katikati ya muhula. Uchaguzi huo hauhitaji vifaa vya taifa. Mkutano mkuu tayari unachagua kamati. Pingamizi zito nililolisikia ni kwamba vyama vitaugeuza uchaguzi wa katikati kuwa kampeni ya pili. Linawezekana. Hata hivyo, yaliyotokea 2019 yanaonyesha hatari iliyo kubwa zaidi: pale ambapo wagombea wanapita bila kupingwa, mwisho wa muhula haumpi mwananchi wa kawaida nafasi yoyote ya kuhukumu, na urefu wa miaka unabaki namba. Nafasi ya katikati, hata ikiwa ya nusu ya wajumbe, inampa.

Wapo wanaopendekeza uchaguzi wa vijiji na mitaa uunganishwe na uchaguzi mkuu ili kupunguza gharama. Kwa hoja ya fedha wana haki. Ila kwa kijiji hiki, miezi 11 kati ya Novemba 2019 na Oktoba 2020 ndiyo iliyomwacha diwani mwenye ramani akiwa bado na mamlaka ya kuitandika mezani. Chaguzi zikiunganishwa, mwenyekiti, wajumbe, diwani na mbunge watabadilika wiki moja, na kumbukumbu yote ya eneo itabaki kwa watumishi wanaohamishwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Yeyote atakayeandaa muswada wa kuunganisha chaguzi hizo aweke ndani yake chombo kinachovuka siku ya kura.

Hali ilivyo sasa

Nusu ya kamati ya maliasili iliyovuka uchaguzi wa 2024 itaondoka katikati ya 2027. Halmashauri ya kijiji imekubali mkutano wa hesabu uhamishiwe Septemba, na kwamba ahadi za ardhi, hata za mdomo, ziandikwe kwenye daftari la makabidhiano zikiwa na jina la aliyeahidiwa. Rasimu ya kuunda kamati ya malisho yenye nusu mbili na mtia saini wake imepita kwenye mkutano mkuu. Hatua inayofuata ni kikao cha kata, chini ya diwani aliyechaguliwa Oktoba 2025, na wajumbe wawili wa lililokuwa baraza la ardhi wameombwa kwenda kumweleza mpaka wa eneo lenyewe kabla rasimu haijafika mezani kwake.